Wafilipino Mbele ya Kioo cha Sinema

Tarehe 12 Septemba 1919, jijini Manila, watu waliingia ukumbini kutazama picha bubu, na walipokwisha kuketi wakasikia sauti ya mwanamke. Picha hiyo iliitwa Dalagang Bukid, yaani Binti wa Shamba, filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa na Mfilipino, José Nepomuceno. Kisa chake kilitokana na mchezo wa nyimbo uliotungwa na Hermogenes Ilagan, ambao ulikuwa umekwisha kupendwa sana jukwaani: msichana muuza maua anampenda kijana anayesomea sheria, lakini wazee wake wanataka aolewe na mzee mwenye mali. Muuza maua huyo aliigizwa na Atang de la Rama, yule yule aliyempa umaarufu jukwaani. Kwa kuwa filamu za zama zile hazikuwa na sauti, Atang mwenyewe alifika ukumbini pamoja na wapiga ala, na ulipowadia wakati wa wimbo wa mtungi uliovunjika, akauimba kwa kinywa chake, huku sura yake ikicheza juu ya kitambaa cheupe.

Nakala ya filamu hiyo haipo tena. Katika filamu ndefu za Kifilipino zilizotengenezwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili, zilizosalimika hazifiki hata kumi. Nyingine zimeliwa na joto, na unyevu, na moto wa mwaka 1945, pale Wamarekani na Wajapani walipopigana ndani ya Manila mpaka mji ukawa kifusi. Mwenye kuandika historia ya sanaa hii hulazimika kuanza na majina ya picha zisizoonekana, mfano wa mhakiki anayejua kwamba malenga fulani alitunga, lakini hana hata ubeti mmoja mkononi. Kilichobaki cha Dalagang Bukid ni habari ya sauti ile. Na habari hiyo si ndogo. Chombo kilitoka ugenini. Kilichowavuta watu ukumbini kilikuwa ni wimbo wao, kwa lugha yao, kutoka kwa mtu waliyemjua.

Chombo chenyewe kiliingia nchini mwaka 1897, siku za mwisho za Mhispania, wakati damu ya José Rizal, daktari na mwandishi wa riwaya aliyepigwa risasi tarehe 30 Desemba 1896, ilikuwa haijakauka. Mwaka 1898 Uhispania ikaondoka na Marekani ikaingia. Mwaka 1912 wafanyabiashara wawili wa Kimarekani walishindana, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kuwaonyesha watu wa Manila maisha na kifo cha Rizal. Hivyo shujaa mkuu wa taifa alionekana kwanza katika sinema kwa jicho la mtawala mpya, na kiingilio kikalipwa kwa mtawala huyo. Miaka saba ikapita ndipo Nepomuceno alipokuja na muuza maua wake.

Lakini ili kuifahamu sinema hii hapana budi kurudi nyuma ya kamera, kwenye utungo. Wafilipino wa visiwa vya kaskazini walikuwa na aina mbili za tungo ndefu za masimulizi, zilizosomwa na kuimbwa kwa sauti mbele ya wasikilizaji. Moja ni korido, yenye mizani 8 kila mstari, mistari minne kila ubeti. Nyingine ni awit, yenye mizani 12, na kituo katikati baada ya mizani ya sita. Aliyelelewa na tenzi za mwambao hatahitaji kuelezwa zaidi juu ya mizani 8 na mistari minne. Atakaloliona geni ni kwamba mistari yote minne huenda kwa kina kimoja, ilhali katika utenzi mstari wa nne hutengwa ili ubebe kina cha utungo mzima. Hata malumbano wanayo. Mwaka 1924 washairi wa Manila walianzisha majibizano ya mashairi jukwaani, mbele ya umma, wakayaita balagtasan kwa heshima ya Francisco Balagtas, mtunzi wa Florante at Laura, awit iliyochapwa mwaka 1838 na ambayo mpaka leo husomeshwa shuleni.

Sinema ilipotafuta visa ilivikuta humo. Mwaka 1941 studio ya LVN ilitoa Ibong Adarna, kutoka korido ya jina hilo: mfalme mgonjwa, wanawe watatu, na ndege ambaye wimbo wake huponya, lakini pia humlaza usingizi asikilizaye. Mwana mdogo hujikata kiganja na kukikamulia ndimu ili asilale. Sehemu za ndege zilitiwa rangi, wakati ambapo rangi ilikuwa jambo la ajabu katika filamu za huko. Mtazamaji wa Manila alikuwa amekwisha kuzizoea filamu za Hollywood, zenye fedha nyingi kuliko studio yoyote ya kwao. Hata hivyo ndege yule hakuwa katika filamu yoyote ya Hollywood. Bibi yake mtazamaji alikuwa akimwimba.

Hapa inafaa kusema jambo ambalo wasifu wa sinema hii aghalabu hulipita mbio. Tungo hizo zilikuja na adui wake. Kabla ya Mhispania kuiteka Manila mwaka 1571, mji huo ulitawaliwa na Raja Sulayman, na Usultani wa Sulu kusini ulikuwa na umri wa zaidi ya karne moja. Athari ya Kiislamu na ya lugha ya Kimalei iliacha maneno katika Kitagalogi ambayo msemaji wa Kiswahili huyatambua mara moja: salamat, la kushukuru, na hukom, la mwenye kuhukumu. Wahispania waliwaita Waislamu wa kusini "Moro", jina walilolileta kutoka vita vyao vya Andalusia, na kuanzia mwaka 1637, baada ya gavana wao kuivamia ngome ya Sultani Kudarat, ikazaliwa aina ya mchezo wa mashairi ulioitwa moro-moro. Ulichezwa katika sikukuu za vijiji kwa karne na karne. Wakristo na Waislamu wa kubuni walipigana kwa panga za mbao, na mwisho ulijulikana kabla ya mwanzo: Mwislamu alishindwa, au alibatizwa. Hata Balagtas, aliyethubutu kumfanya Aladin, mwana wa mfalme wa Uajemi, amwokoe Florante Mkristo kutoka makucha ya simba, naye pia mwishoni anambatiza Aladin. Mpaka wa uungwana wa zama zake ulikuwa hapo. Sinema ikaurithi mpaka huo pamoja na vina na mizani, na itachukua zaidi ya nusu karne kabla haujaguswa kwa dhati.

Studio kubwa zilizaliwa kwa kufuatana: Sampaguita mwaka 1937, LVN mwaka 1938, Premiere mwaka 1946. Zilijengwa kwa mfano wa Hollywood, na nyota walioajiriwa kwa mikataba na sura zilizochaguliwa kwa weupe wa ngozi. Jambo moja kubwa zilifanya bila kukusudia sana. Katika nchi ya visiwa zaidi ya 7,000 na lugha zaidi ya 100, ambako Kitagalogi kilitangazwa mwaka 1937 kuwa msingi wa lugha ya taifa, filamu ndizo zilizokifikisha Kitagalogi kwa watu ambao hawakukinyonya kwa mama zao. Wasemaji wa lugha za Kibisaya hawakulipenda jambo hilo siku zote, na walikuwa na haki.

Katika miaka hiyo alikuwapo Manuel Conde, mcheshi na mwongozaji, aliyeleta kwenye sinema mfululizo wa visa vya Juan Tamad, Juan Mvivu, ndugu wa mbali wa Abunuwasi, ambaye kwa uvivu wake huwaumbua wanasiasa. Mwaka 1950 Conde alitengeneza Genghis Khan na kuigiza mwenyewe nafasi ya mtawala huyo, akisaidiwa na mchoraji Carlos Francisco katika kubuni mandhari na mavazi. Fedha zilikuwa haba. Filamu ilifika katika tamasha la Venice mwaka 1952, ikapata wanunuzi wa kimataifa na masimulizi ya Kiingereza yaliyoandikwa na James Agee. Mwaka 1956 Hollywood nayo ikatoa filamu yake juu ya mtu yule yule, The Conqueror, kwa gharama ya mamilioni ya dola. Genghis Khan huyu alikuwa John Wayne, mchunga ng'ombe wa filamu za Kimarekani, aliyebandikwa masharubu na kuvutwa ukingo wa macho. Ukiziweka filamu hizo mbili pamoja huhitaji nadharia yoyote ya utamaduni. Ile ya Conde ina mzaha, ina jasho, na mtawala wake huanza akiwa kijana mjanja wa kabila dogo anayewazidi akili wenye nguvu, kama afanyavyo Juan Tamad. Ile nyingine imekumbukwa kama mojawapo ya makosa makubwa ya kuchagua mwigizaji katika historia ya sinema.

Filamu za kuiga nazo zilikuwa nyingi: majasusi wa kumfuata James Bond, wachekeshaji wa kumfuata Chaplin. Nyingi si za kukumbukwa. Darna ni tofauti kidogo, kwa sababu ingawa anaruka angani kama Superman, yeye ni binti wa kijijini anayemeza jiwe na kupata nguvu, na kumeza jiwe lenye nguvu ni imani ya zamani ya visiwa vile, wala halikutoka katika kitabu chochote cha Marekani.

Septemba 1972 Rais Ferdinand Marcos alitangaza utawala wa kijeshi. Miswada ya filamu ikawa inakaguliwa kabla ya kamera kuwashwa. Jambo la kustaajabisha, ambalo wanahistoria wamelijadili sana, ni kwamba kipindi hicho cha kubanwa ndicho kilichozaa filamu bora kabisa za taifa hilo. Haifai kusema kwamba dhuluma huzaa sanaa; dhuluma ilifunga na kuua watunzi pia. Walakini waongozaji kadhaa, waliokwisha kujifunza kazi katika filamu za biashara, walijikuta na jambo la kusema na kila sababu ya kulisema kwa mafumbo.

Mwaka 1976 pekee unatosha kuwa ushahidi. Mwaka huo Eddie Romero alitoa filamu ambayo jina lake laweza kufasiriwa "Hivi Ndivyo Tulivyokuwa Zamani, Je Ninyi Sasa?" Kulas, kijana wa shamba asiyejua mengi, anapita katikati ya kuanguka kwa Mhispania na kuja kwa Mmarekani, akijiuliza Mfilipino ni nani hasa, maana jina hilo zamani waliitwa nalo Wahispania waliozaliwa visiwani. Kitagalogi kina "sisi" mbili, moja inayomjumuisha anayeambiwa na nyingine inayomtoa, na Romero alichagua ya pili: sisi, bila ninyi. Watazamaji wa zama za Marcos walisukumwa nje ya neno hilo, wakaachwa wajieleze wenyewe. Mwaka huo huo Lino Brocka alitoa Insiang, iliyopigwa katika vibanda vya Tondo, juu ya mama, binti, na mwanamume mmoja kati yao; mwaka 1978 ikawa filamu ya kwanza ya Kifilipino kuonyeshwa Cannes.

Na mwaka huo huo, Machi 1976, Francis Ford Coppola aliingia na kikosi chake kupiga Apocalypse Now. Mito na misitu ya Ufilipino iligeuzwa kuwa Vietnam. Watu wa kabila la Waifugao waliletwa wawe wenyeji wa mwisho wa mto, na matambiko yao ya kuchinja nyati yakapigwa picha yakawa sehemu ya kisa cha wazimu wa Mmarekani. Helikopta ziliazimwa kutoka jeshi la Marcos, na mara nyingine ziliitwa katikati ya kazi zikapigane na waasi. Apocalypse Now ni filamu kubwa. Kulikanusha hilo ni ukaidi. Ila ndani yake Mfilipino ni mti, ni moshi, ni mwili usio na jina. Coppola alikuwa na helikopta za taifa. Brocka alikuwa na kichochoro, waigizaji hodari na siku chache, na kila mtu aliyepita mbele ya kamera yake alikuwa na jina, na deni, na jirani anayemsengenya.

Filamu kuu ya Brocka ilikuwa imetoka mwaka mmoja kabla. Maynila sa mga Kuko ng Liwanag, Manila Katika Makucha ya Mwanga, ilitokana na riwaya ya Edgardo Reyes. Julio Madiaga, mvuvi kutoka kisiwani, anakuja mjini kumtafuta mchumba wake, Ligaya Paraiso, aliyechukuliwa na mama mmoja kwa ahadi ya kazi na masomo. Majina yenyewe ni ya kishairi: Ligaya ni furaha, Paraiso ni pepo, na Madiaga lakaribia neno la mvumilivu. Ili ale, Julio anabeba zege katika jengo linalojengwa, ambako msimamizi huwasainisha vibarua ujira mmoja na kuwalipa mwingine. Mwenzao mmoja anateleza juu na kufa, kazi ikaendelea. Kosa la filamu hii ni kumpa uovu wote Mchina mmoja, kana kwamba dhuluma ya Manila ilikuwa ya wageni. Hapo Brocka aliwapa watazamaji wake adui mwepesi, kama moro-moro ilivyowapa babu zao.

Lakini mvuvi yule anayebeba zege hasahauliki, hasa kwa yaliyofuata. Mwaka 1981 serikali ilikuwa ikijenga kwa pupa Jumba la Sinema la Manila, kando ya bahari, kwa ajili ya tamasha la kimataifa lililotakiwa na mke wa Rais, Imelda Marcos. Tarehe 17 Novemba jukwaa la mafundi liliporomoka usiku, vibarua wakafunikwa na saruji mbichi, na kadhaa wakafa. Tamasha lilifunguliwa Januari 1982, kama ilivyopangwa.

Ajabu ya mambo, fedha za serikali hiyo hiyo, kupitia chombo chake kipya cha sinema, ndizo zilizolipia Himala mwaka huo wa 1982. Iliongozwa na Ishmael Bernal, na mswada ukaandikwa na Ricky Lee. Elsa, msichana wa kijiji kilichokauka kwa ukame, anasema amemwona Bikira Maria wakati wa kupatwa kwa jua. Wagonjwa wanakuja, wauzaji wa sanamu na chupa za maji wanakuja, mpiga filamu kutoka mjini anakuja. Mwisho anasimama mbele ya umati na kuwaambia kwamba muujiza haupo, kwamba ni wao wenyewe waliouumba, kisha risasi inamwangusha. Aliyemwigiza ni Nora Aunor, ambaye utotoni aliuza maji katika stesheni ya reli na ngozi yake ilikuwa nyeusi kuliko studio zilivyopenda. Hakuna nchi nyingine iliyoweza kuitengeneza filamu hii. Imani ya Kikatoliki ya Kihispania imo humo, na uganga wa kale chini yake, na biashara juu yake, na umma unaotaka kuokolewa na mtu mmoja. Hayo ya mwisho, mwaka 1982, kila mtazamaji alijua yanamhusu nani.

Brocka aliendelea mpaka fumbo likaisha. Filamu yake ya mwaka 1984 ilibeba jina la Bayan Ko, Nchi Yangu, wimbo ambao maneno yake ya Kitagalogi yalitungwa na José Corazón de Jesús, bingwa wa balagtasan, na ambao uliimbwa barabarani baada ya Benigno Aquino kuuawa mwaka 1983. Ilionyeshwa Cannes, nyumbani wakaguzi wakaizuia, na shauri likafika Mahakama ya Juu mwaka 1985. Mwanzoni mwa mwaka huo Brocka mwenyewe alitiwa ndani kwa kuunga mkono mgomo wa madereva. Februari 1986 Marcos alikimbia nchi. Brocka alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1991.

Ule mpaka wa Balagtas, je? Ulikuwa umepapaswa. Mwaka 1957 Lamberto Avellana alitoa Badjao, juu ya mabaharia wa Sulu wanaozaliwa na kuishi ndani ya vyombo, na mapenzi ya kijana wao na binti wa Kitausug. Kwa macho ya watu wa pwani ni filamu yenye bahari ya kweli, ingawa wahusika wake waliigizwa na nyota wa Manila. Lililobadilisha mambo lilikuwa vita. Mwaka 2000 Rais Joseph Estrada, ambaye kabla ya siasa alikuwa shujaa wa filamu na mtetezi wa wanyonge katika filamu hizo, aliamuru vita kamili dhidi ya wapiganaji wa Kiislamu wa Mindanao. Kambi yao kuu ilipotekwa, alikwenda kusherehekea na wanajeshi wake humo kwa nguruwe wa kuchoma na bia. Ilikuwa moro-moro, ila panga hazikuwa za mbao.

Estrada aliangushwa Januari 2001, na Desemba ya mwaka huo Marilou Diaz-Abaya akatoa Bagong Buwan, Mwezi Mwandamo. Ahmad, daktari Mwislamu anayefanya kazi Manila, anarudi kwao baada ya mwanawe kuuawa, na kuiongoza familia yake kukimbia vita. Njiani wanaambatana na mtoto wa Kikristo aliyepotezana na wake. Filamu ina mahubiri mengi, na Ahmad aliigizwa na Mkristo. Hata hivyo, humo Waislamu wanasali, wanabishana wao kwa wao juu ya jihadi na subira, wanazika, na hakuna anayebatizwa.

Kwa biashara, miaka hiyo ilikuwa ya shida. Nchi iliyokuwa ikitoa filamu kiasi cha 200 kwa mwaka ilibaki na chache mno, kwa kulemewa na filamu za Marekani na kodi ya burudani iliyoweza kufika asilimia 30, mpaka sheria ya mwaka 2009 ilipoishusha. Kinga moja ya zamani ilisaidia: tangu mwaka 1975 lipo tamasha la Manila ambalo kuanzia Krismasi huziacha kumbi kwa filamu za nchini tu. Kamera za kidijitali zikaleta kizazi kingine; Lav Diaz, mwenye filamu zinazofika saa nane, alipata tuzo kuu ya Venice mwaka 2016. Nje zinaheshimiwa, ndani wachache huzitazama.

Wengi hutazama kisa kingine, na kisa hicho kina ndugu zake Mombasa na Unguja, katika nyumba ambazo binti amekwenda kufanya kazi za ndani Uarabuni. Tarehe 17 Machi 1995 Flor Contemplacion, mtumishi wa nyumbani, alinyongwa Singapore, na kabla ya mwaka kwisha Nora Aunor alikuwa amemwigiza na kushinda tuzo ya mwigizaji bora Cairo. Mwaka 2000 Vilma Santos aliigiza katika Anak mama anayerudi kutoka Hong Kong na kukuta watoto wake hawamtaki. Mwaka 2019 Hello, Love, Goodbye iliwahusu vijana wa huko huko Hong Kong, msichana wa kazi za nyumbani anayesubiri kuhamia Canada na kijana anayemwomba abaki. Ilivunja rekodi ya mapato ya nchi, na mwendelezo wake wa mwaka 2024 ukaipita kwa mbali, ukitazamwa na Wafilipino wa Manila na wa Dubai vilevile. Katika ile ya kwanza msichana habaki. Anampenda, analia, kisha anaingia uwanja wa ndege na sanduku lake.